Picha ya Saba

“Eti nimecheka!”

Fundi aliitupa bahasha ya kahawia juu ya kaunta yangu, katikati ya mkasi na rundo la fotokopi za watu. Koti lake la kazi lilikuwa bado na vumbi jeupe la plasta, na alihema kama aliyetoka mbio.

“Nani kacheka?” nikauliza.

“Mimi! Soma mwenyewe.”

Nikasoma. Barua ya ubalozi ilikuwa na mistari minne tu. Ombi la viza ya masomo limerejeshwa, picha ya mwombaji haikidhi masharti, mwombaji anaonyesha meno. Alete picha nyingine kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo faili linafungwa.

“Leo Jumanne,” akasema. “Na chuo walishaniambia, nikichelewa ufadhili anapewa aliyenifuata. Miaka miwili ya masomo, mpenzi, inaniponyoka kwa sababu ya meno!”

Dada yangu, aliyekuwa kwenye mashine ya fotokopi, aligeuka polepole akanitazama. Mimi nikajifanya naitafuta miwani. Sina miwani.

Niwaambie kabisa, mimi watu wananiita Kamera. Duka letu linatazamana na ofisi ya pasipoti, na kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kuwapiga picha watu wanaosafiri. Nimewasafirisha wauguzi, walimu, wapishi, na mwizi mmoja ambaye sikujua ni mwizi mpaka askari walipokuja kuniuliza. Mwenyewe sijawahi kupanda ndege. Lakini masharti ya picha nayajua nikiwa usingizini: masikio yaonekane, kivuli kisiwepo, mdomo ufungwe.

Na Fundi ni binti niliyemchumbia, huu mwaka wa tatu. Anatengeneza miguu ya bandia katika karakana ya hospitali, ndiyo maana ya hilo jina. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda nje kusomea magoti, magoti yanayokunjika kama ya kuzaliwa. Karakana yao ilikuwa inatoa miguu mikavu kama mchi, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

Siku ya picha nilimpiga tisa. Ya tatu ilikuwa safi kabisa, uso umetulia, mdomo umefungwa. Kisha nikamwambia, “Sasa kaa kama unamsikiliza mama yako akisimulia harusi ya jirani.” Akaangua kicheko mpaka kiti kikayumba. Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya saba.

Nikabaki na kompyuta, ya tatu upande huu na ya saba upande ule. Nikachapa ya saba. Nikaibandika kwenye fomu, nikafunga bahasha kwa gundi, nikampa. Hakuifungua. Nani afungue bahasha aliyofungiwa na mtu wake?

Sikukosea, jamani. Ndicho ninachotaka mjue. Ningekuwa nimekosea nisingekuwa na la kusimulia.

“Usimlaumu huyu, wifi,” Fundi akamwambia Dada, maana aliona jinsi Dada anavyonikazia macho. “Siku ile watu walijaa mpaka mlangoni, na mimi nilimchosha kwa kucheka ovyo. Kosa langu. Mtu mzima unaambiwa funga mdomo, unakenua!”

“Hee,” Dada akasema.

“Nipige nyingine sasa hivi, Kamera. Ngoja ninawe uso.”

Akapita nyuma ya pazia kwenye beseni. Dada akanisogelea mpaka nikasikia pumzi zake sikioni.

“Ulijua.”

“Dada, punguza sauti.”

“Mdogo wangu, wewe humpigi picha bibi wa miaka tisini bila kumpima kichwa kwa rula. Ulijua.”

“Nilitaka achelewe kidogo tu.”

“Achelewe nini? Treni?”

“Nitampiga nyingine, atapeleka, atapata viza. Yameisha. Hakuna aliyeumia.”

“Huyo anayejiita mjinga huko kwenye beseni, yeye si mtu?”

Dada akachukua mkoba wake, akasema anakwenda kununua karatasi. Karatasi zilikuwepo, maboksi mawili. Alituachia duka.

Fundi akatoka, uso unang’aa maji, akaketi kwenye kiti mbele ya shuka jeupe. Akanyoosha mgongo. Akafunga mdomo kwa nguvu mpaka mashavu yakavimba, kama mtoto anayekataa dawa.

“Hivi sawa?” akauliza kwa midomo iliyobanwa. “Usiniambie kitu cha mama, nakuomba.”

Nikaweka jicho kwenye kamera. Nilichotakiwa kufanya ni kubonyeza tu. Kidole kikagoma.

“Vipi? Betri?”

“Si betri.”

“Basi piga, nirudi kazini.”

“Fundi, picha ilikuwepo nzuri. Ya tatu.”

“Ya tatu ipi?”

“Siku ile. Ulikuwa umefunga mdomo, kila kitu sawa. Mimi ndiye niliyeweka ya saba.” Nilikuwa nasema na kamera, siyo na yeye. “Nilijua wataikataa.”

Nje, mpiga debe wa ofisi ya pasipoti aliendelea kuita watu wenye fomu.

“Toa hiyo kamera usoni,” akasema.

Nikaitoa.

“Una miaka mingapi kwenye kazi hii?”

“Kumi na moja.”

“Wangapi wamerudishiwa picha zako?”

“Hakuna.”

“Kwa hiyo mimi wa kwanza.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini? Sema, usinimung’unyie maneno.”

“Niliogopa hutarudi! Kila anayekaa kwenye hicho kiti ananiambia tutaonana. Wengi sijawaona tena. Nawatoa mimi, Fundi, kwa mikono yangu, na wewe ulikuja ukakaa hapo hapo ukatabasamu kama wao.”

“Si ungeniambia?”

“Ningekuambia ungebaki?”

“Nisingebaki. Lakini tungelia wote wawili, tukapanga, nikaondoka nikijua nimeacha mtu wa kumwamini.” Akajifuta uso kwa kiganja. “Sasa naondoka na nini?”

Nikapiga hatua kumwendea. Akainua kiganja.

“Rudi kwenye kamera.”

“Fundi...”

“Piga. Leo sina cha kunichekesha.”

Nikapiga moja tu. Ilitosha. Sijawahi kupiga picha ya pasipoti iliyotimiza masharti kama ile, na wallahi natamani nisiione tena. Nilipoichapa aliichukua, akachukua na rula yangu, akapima kichwa, akapima mabega, akaigeuza nyuma akaiangalia kwenye mwanga. Miaka mitatu hakuwahi kukagua kazi yangu.

“Asante,” akasema, kama mteja.

Siku zilizofuata nilipiga simu hadi nikajionea haya. Inaita, inakatika. Nikamwandikia:

“Nisamehe. Sina la kujitetea.”

Alama zikaonyesha amesoma. Alhamisi nikaandika tena:

“Umepeleka picha?”

Akajibu neno moja: “Imepokelewa.”

Wiki mbili baadaye Dada ndiye aliyeniletea habari, maana wao wifi na wifi waliendelea kuongea kama kawaida, mimi ndiye niliyewekwa kando.

“Viza imetoka. Anaondoka Jumamosi.”

“Kasema chochote kuhusu mimi?”

“Kauliza kama unakula.”

“Ukamwambia nini?”

“Nikamwambia unakula kama kawaida. Sidanganyi watu, mimi.”

Siku ile nilifunga duka saa nane mchana, kitu ambacho sijawahi kufanya, nikaenda hospitali. Karakana yao iko nyuma ya jengo la mionzi. Miguu imepangwa ukutani kwa ukubwa, na harufu ya gundi inakupokea mlangoni. Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anakaza skrubu kwenye mguu mpya wa mwalimu mmoja mstaafu, mama mnene mwenye sauti kubwa.

“Simama, Mwalimu. Usiangalie chini. Angalia unakokwenda.”

“Na nikianguka?”

“Utaniangukia mimi. Haya.”

Mwalimu akashika vyuma viwili, akatembea hatua nne, tano, akageuka akipiga kelele kwamba ameweza. Akaniona mlangoni.

“Na huyu naye amepoteza mguu?”

“Huyu ana miguu yote, Mwalimu,” Fundi akajibu bila kuniangalia. “Pumzika kidogo, ninakuja.”

Tukasimama dirishani, kati yetu kuna meza ya vifaa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima. Yote ikayeyuka.

“Nimekuja kuomba msamaha uso kwa uso,” nikasema.

“Umeona mguu wa Mwalimu?”

“Nimeuona.”

“Nikiufupisha milimita kumi kwa makusudi, atatembea tu. Atachechemea kidogo. Na unajua atafanya nini? Hatanilaumu mimi. Atasema ni uzee, ni unene, hajui kutembea.” Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. “Mimi nilijilaumu, Kamera. Nililala nikijiita mpumbavu, nimemwangusha mama yangu, nimewaangusha hawa wagonjwa, yote kwa kicheko. Kicheko chenyewe ulinichekesha wewe.”

Macho yalinijaa machozi. Sikujificha.

“Hilo sikuliwaza,” nikasema. “Nilijiwaza mwenyewe tu.”

“Hapo angalau umesema kweli.”

“Tumeachana?”

Mwalimu alikuwa ametega sikio kwa bidii mpaka akasahau kujifanya anapumzika.

“Sijui,” akasema hatimaye. “Ningekuwa najua ningekwambia. Nina hasira, nina mizigo ya kufunga, na nikikuona moyo unanienda mbio bado, jambo ambalo linaniongezea hasira. Usinisindikize Jumamosi.”

“Sawa.”

“Kweli usije.”

“Siji. Safari njema, Fundi. Kasome hayo magoti.”

Sikwenda. Jumamosi nilikaa dukani nikawapiga picha watu kumi na wanne, na kila ndege iliyopita juu Dada alikohoa ili nisiisikie. Jioni mama yake Fundi alinipigia.

“Mwanangu, ameondoka salama.”

“Nashukuru, Mama.”

“Alikuwa anaangalia nyuma nyuma pale uwanjani. Sijui alikuwa anatafuta nini.”

“Aliniambia nisiende, Mama.”

“Najua. Na alikuwa anaangalia kama utatii. Haya, lala salama.”

Zikapita wiki tano. Niliacha kuandika, siyo kwa kususa. Niliona nimeshasema, sasa zamu ni yake. Ila kuna kitu nilianza kufanya. Kila aliyekaa kwenye kiti, nikishamaliza picha yake ya ubalozi, nilimgeuzia kompyuta nikamwambia, “Kagua mwenyewe kabla sijafunga.” Wengine walicheka wakasema wananiamini. Nikawaambia wakague hivyo hivyo.

Kisha Jumatano moja, saa nne asubuhi, nina kijana wa udaktari kwenye kiti, koti na tai, ananisubiri nimpange mabega. Simu ikatetemeka kwenye kaunta. Dada akaichungulia.

“Mdogo wangu.”

“Nina mteja.”

“Mteja hakimbii. Njoo.”

Ilikuwa picha ya kitambulisho cha chuo. Nembo juu, jina lake, namba, na pembeni uso wa Fundi, meno yote nje, macho yamefumba nusu, shuka langu jeupe nyuma yake. Picha ya saba. Ubalozi walikuwa wameirudisha pamoja na ile barua, na yeye hakuitupa.

Chini yake aliandika:

“Huku kitambulisho cha chuo hawakatazi mtu kucheka. Walitaka picha, nilikuwa na mbili, hii na nakala ya ile ya hasira. Nilizishika zote nusu saa nzima kwenye foleni. Ile ya hasira niliiona nikasema sitaki kutembea na huyu shingoni miaka miwili.”

Ujumbe wa pili ukaingia nikiwa bado nasoma:

“Sijamaliza kukasirika, usishangilie. Lakini soma tarehe iliyo chini kabisa.”

Nikaikuza. Kitambulisho kinaisha muda wake baada ya miaka miwili, mwezi wa sita, siku ya mwisho.

Wa tatu ukaingia:

“Siku hiyo sitakuwa na sababu ya kukaa huku. Jumapili nipigie. Na ukiwa na woga wowote, uniambie kwa mdomo. Kwa mdomo, Kamera.”

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikatuma hivi:

“Naogopa miaka miwili ni mingi.”

Akajibu papo hapo:

“Na mimi naogopa. Umeona? Si vigumu.”

Dada alishageukia mashine yake, anaikaripia kwamba imekwama, na haikuwa imekwama. Nikarudi kwa kijana wa udaktari. Nikamnyoosha mabega, nikamsogeza kidevu, nikashika kamera.

“Tulia. Angalia hapa. Funga mdomo, usicheke.”

“Mimi sicheki,” kijana akasema. “Wewe je?”