Mita Iliyokuwa Nzima

"Nimesema si mimi! Nilikunywa maji tu, nikarudi kulala!"

"Basi koki imeota mikono," Mama alisema. "Gaon, nina usingizi, nina njaa, na sina hata tone la kupikia. Usinichoshe zaidi. Wewe ndiye uliyeamka kwenda jikoni. Uliifunga au hukuifunga?"

"Sikuifunga!"

Gaon alikuwa amesimama katikati ya jiko la bibi yake, soksi mguu mmoja tu. Alikuwa na miaka minane na hasira za mtu wa themanini. Mlangoni, dada yake Narae, wa darasa la sita, alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Alitazama sakafu.

Safari ya kutoka jiji la Incheon kuja kwa Bibi, kijijini chini ya mlima wa Daegwallyeong, huchukua saa tatu. Jana iliwachukua karibu siku nzima, kwa sababu theluji iliwakuta njiani na magari yakapangana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Walipofika, hakuna aliyekuwa na nguvu hata ya kusifu supu ya Bibi. Kabla hawajalala, Bibi alitoa amri moja tu, ambayo kila nyumba ya kijiji hicho hutoa majira ya baridi kali: koki ya jikoni isifungwe. Mpini ukae katikati, kati ya maji ya moto na ya baridi, na maji yadondoke bila kukoma mpaka asubuhi. Maji yanayotembea hayagandi.

Asubuhi hii mpini ulikuwa katikati, kama ulivyoagizwa, lakini maji hayakuwapo. Bafuni nako kulikuwa kukavu, kwa maana bafu lilichukua maji kutoka bomba lilelile la jikoni. Kando ya sinki, beseni la maharagwe ya soya yaliyorowekwa lilikuwa limefura hadi ukingoni. Leo ilikuwa zamu ya Bibi kupeleka tofu, ile jibini laini ya soya, kwenye ukumbi wa wazee wa kijiji, na tofu haitengenezwi kwa mate.

Baba aliingia akivaa koti. Alikuwa dereva wa basi la mjini, na wiki nzima alikuwa ameshika zamu za alfajiri ili apate siku hizi mbili za mapumziko. Macho yake yalikuwa mekundu. "Acheni kelele kwanza," alisema. "Ninachotaka kujua ni kitu kimoja. Kama koki ilifungwa usiku, basi maji yameganda pale nyuma ya nyumba, bomba linapotoka ukutani. Hiyo ni kazi ndogo. Lakini kama yalikuwa yanatoka mpaka alfajiri, yakakatika ghafla, basi shida iko kule getini. Mita ya maji imepasuka, na maji yanamwagika chini ya theluji. Sasa, Gaon, uliifunga?"

"Sikuifunga, Baba! Kwa nini hakuna anayeniamini?" Gaon akaanza kulia kweli.

Narae alimwona mdogo wake analia. Alimwona Mama anafungua mdomo tena. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Ilikuwa inadondosha maji. Niliiona alfajiri, nilipokwenda msalani."

Baba aligeuka kumtazama.

"Una hakika?" Baba aliuliza.

"Ndiyo."

"Umeona, Mama?" Gaon alipiga kelele huku akifuta kamasi kwa mkono wa sweta. "Umeona? Dada ameona kwa macho yake!"

Mama alishusha pumzi. "Haya, samahani mwanangu. Njoo nikuvalishe soksi." Baba alichukua sururu na sepetu kwenye kibanda, akatoka nje bila kunywa kitu.

Ukweli ni kwamba Narae ndiye aliyelala katika chumba kilichopakana na jiko. Sakafu, inayopashwa moto kwa chini, ilikuwa na joto zuri na mwili wake ulikuwa hoi, lakini lile tip, tip, tip la kwenye sinki lilimgonga kichwani kama kijiti. Alivumilia, alijifunika, alijigeuza. Hatimaye aliinuka, akausukuma mpini chini. Nitaufungua baadaye kidogo, alijiambia. Usingizi ukamchukua kama gunia. Alipozinduka kulikuwa kunapambazuka. Alikimbia kuufungua mpini, koki ikakohoa hewa, basi. Akauacha katikati na kurudi kujilaza, akiomba kimoyomoyo maji yajirudie yenyewe.

Hayakujirudia.

"Wewe shahidi," Mama alimwambia, "vaa buti. Kazi yako ni theluji. Jaza sufuria kubwa, lete tuyeyushe."

Theluji hudanganya. Unajaza sufuria mpaka inatengeneza mlima, unaiweka juu ya jiko la gesi, na baada ya muda unakuta maji ya kulowesha kiganja. Narae alitoka na kuingia, akatoka na kuingia, vidole vikimuuma ndani ya glavu. Na kila alipotoka, alimwona Baba.

Mita ilikuwa karibu na geti, ndani ya sanduku lililozikwa ardhini. Trekta la kijiji lilikuwa limesukumia theluji yote ya njiani palepale, na baridi ikaifanya kuwa jiwe. Baba alipiga sururu, vipande vidogo vikaruka. Akapiga tena. Mara kwa mara alisimama, akaweka mikono kiunoni na kujinyoosha kama mtu anayejaribu kurudisha mlango kwenye bawaba zake. Huo mgongo ulikuwa wa kukaa kwenye kiti cha basi. Mama alikuwa akiukanda kila jioni.

"Baba, pumzika kidogo," Narae alisema, sauti ndogo.

"Nikipumzika maji yanazidi kumwagika. Usiku barabara yote itakuwa kioo. Jirani akianguka hapa mimi nitamwambia nini?" Alijaribu kutabasamu, lakini uso ulikuwa umekufa ganzi. "Nikimaliza mapema tutakwenda mlimani kuteleza kwenye theluji. Nimewaahidi."

Gaon alikuja mbio akiwa na kiazi kitamu cha kuchoma mkononi, mvuke ukipanda. Alikivunja mara mbili, akampa Narae kipande kikubwa.

"Chukua, Dada. Cha ushahidi."

"Kula wewe."

"Chukua bwana! Usingeiona ile koki, Mama angenila mzima mzima. Nilidhani wewe hunipendi. Kumbe!"

Narae alikipokea. Kilikuwa kitamu, lakini alikitafuna bila kumtazama mdogo wake. Moyoni alikuwa akijitetea: nilimsaidia Gaon. Bila mimi angeonewa. Lakini kila sururu ilipogonga barafu, utetezi huo ulipungua, na jambo moja likabaki wazi kabisa mbele yake. Baba alikuwa anachimba pale kwa sababu yeye alimwambia achimbe pale.

Ndani, Bibi aligusa maharagwe yake. "Haya yameshaanza kuteleza," alimwambia Mama. "Yakikaa mpaka jioni yatachacha. Nitawapigia simu ukumbini niwaambie hakuna kitu. Mara ya kwanza tangu niolewe kijiji hiki."

"Ngoja kidogo, Mama," mama yake Narae alimjibu mkwewe kwa sauti iliyochoka. "Baba Narae amekaribia kufika."

Kweli alikuwa amekaribia. Narae alipotoka tena na sufuria, Baba alikuwa amepiga magoti, anavuta nguo kuukuu kutoka ndani ya sanduku. Kila nyumba hushindilia matambara humo ili mita isipate baridi. Zilitoka ngumu, zimeloa, zinanuka udongo: suruali ya marehemu Babu, shuka, sweta la zamani. Mwishowe akainamia shimo na kumulika kwa simu.

Alifuta kioo cha mita kwa kidole. Kisha akakaa kitako juu ya theluji.

"Iko nzima," alisema.

Mama alikuwa ametoka mlangoni. "Nzima vipi?"

"Nzima. Kioo hakina hata ufa. Hakuna maji yaliyomwagika." Alizungumza taratibu, kama mtu anayeongea usingizini. "Kwa hiyo ni mbele zaidi. Chini ya barabara." Alitazama mlima mwingine wa theluji uliokuwa nje ya geti, mkubwa kuliko ule aliouvunja. Akaegemea sepetu, akainuka kwa shida, akaokota sururu.

"Baba, usichimbe."

"Ondoka hapo mwanangu, vipande vinaruka."

"Usichimbe, Baba! Maji hayajakatika barabarani. Niliifunga koki mimi. Usiku. Ilikuwa inanipigia kelele nikaifunga, nikalala, nikaifungua alfajiri na hakukuwa na kitu. Sikuiona ikidondosha. Nilisema uongo."

Sururu ilibaki hewani, kisha ikashuka polepole. Baba hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alimtazama tu, theluji imemganda kwenye nyusi, akatazama shimo, akatazama mikono yake.

Mama ndiye aliyemkaripia. "Narae! Umemtazama baba yako asubuhi yote anavunjika mgongo, na wewe unapita na sufuria?"

"Nilitaka Gaon asionewe."

"Usiniletee hiyo. Gaon asingeonewa kama ungesema 'ni mimi'. Maneno mawili tu! Ulijitetea mwenyewe, ukamfanya mdogo wako mwavuli."

Gaon alikuwa mlangoni amesikia yote. "Na kiazi changu je?" alisema kwa uchungu. "Nilikupa kipande kikubwa!"

Hakuna aliyecheka. Bibi alipita katikati yao akiwa amebeba birika la maji ya theluji, yanachemka. "Mtagombana mkishapata maji," alisema. "Mwanangu, wewe ingia ndani ukae. Mama Narae, lete taulo. Na wewe mjukuu wangu, nifuate."

Nyuma ya nyumba walihamisha kuni zilizopangwa ukutani, na bomba likaonekana, urefu wa mkono wa mtu mzima, limevishwa sponji iliyochanika. Mama alilowesha taulo kwa maji ya moto, akakamua, akalizungushia bomba. Taulo lilipoanza kupoa, Narae alilichukua na kuweka jingine. Hawakumwaga maji ya moto moja kwa moja, kwa sababu bomba lililoganda likipata joto la ghafla hupasuka. Walirudia hivyo tena na tena. Viganja vya Narae vilikuwa vyekundu, havijui tena kama vinaungua au vinaganda.

Birika la tatu lilikuwa halijaisha Gaon alipopiga kelele ndani. "Inakohoa! Koki inakohoa!"

Wote wakaingia. Koki ilitema hewa, ikatema maji ya rangi ya chai, ikanguruma, halafu maji meupe yakatoka kwa nguvu na kurusha matone mpaka kwenye kalenda ya ukutani. Bibi hakupoteza muda. Alisogeza beseni la maharagwe chini ya maji na kuanza kuyaosha. Tofu ingechelewa, lakini ingefika.

"Kazi ndogo," Baba alisema kutoka kwenye sakafu, alikokuwa amejilaza na koti lake. "Nilisema ni kazi ndogo." Alifumba macho.

Mama aliketi kwenye kigoda, mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimwita Narae akae mbele yake. Hasira ilikuwa imeisha, uchovu tu ndio ulikuwa umebaki.

"Sikiliza vizuri, maana sitarudia. Kuifunga koki lilikuwa kosa la usingizi. Kila mtu hulala. Hata mimi jana ningeweza kuifunga. Kosa kama hilo unaliambia watu, linatengenezwa, tunakunywa supu. Lakini ulipotoa ushahidi wa uongo ulimpa mtu ramani isiyo ya kweli, na yeye akaifuata kwa nguvu zake zote kwa sababu anakuamini. Maji yamerudi. Maharagwe yamepona. Nguvu za baba yako za asubuhi hii hazirudi, hata ukilia mpaka kesho. Na hiyo habari kwamba ulisema uongo kwa ajili ya kumsaidia mtu, iache. Ukitaka kumsaidia mtu, mpe ukweli, halafu mshike mkono."

"Nimeelewa, Mama."

"Mwombe msamaha baba yako."

Narae aligeuka, lakini Baba alikuwa ameshalala, mdomo wazi, buti moja bado mguuni.

"Mwache alale," Mama alisema. "Kuteleza kwa leo hakuna. Nani ataendesha gari? Gaon, usinitazame hivyo. Kibandani kuna magunia ya mbolea matupu. Kaa juu ya gunia, shuka nalo shamba la viazi la Bibi, kama baba yako alivyofanya utotoni."

Narae alichungulia dirishani. Ilikuwa alasiri sasa, na jua lilikuwa limeanza kwenda nyuma ya mlima. Getini, sanduku la mita lilikuwa wazi, na matambara yaliyoloa yametawanyika juu ya theluji. Likikaa hivyo usiku, kesho mita ingepasuka kweli.

"Bibi, una blanketi kuukuu kavu?"

Bibi alimwonyesha kabati kwa kidevu, mikono ikiwa kwenye maharagwe. Narae alimvua Baba buti taratibu, akatoa blanketi, akavaa glavu zake zilizoloa.

"Unakwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Kulifunga sanduku la mita. Halafu nitasafisha njia pale Baba alipochimba. Baba akiamka, nitamwomba msamaha."

"Ni kazi ya saa nzima hiyo."

"Najua."

Mama hakumzuia. Narae alitoka, akapiga magoti palepale Baba alipopiga magoti, akashindilia blanketi kuizunguka mita mpaka pasipite hata kidole. Akafunika mfuniko, akashika sepetu lililokuwa zito kuliko alivyodhani, akaanza kuondoa theluji njiani.

Gaon alipita akiburuta gunia la mbolea. Akasimama.

"Umehakikisha mfuniko umefunga?" aliuliza, amekunja uso. "Au umeona tu alfajiri?"

"Njoo uangalie mwenyewe," Narae alisema, akamsogezea nafasi.

Gaon aliinama, akaukanyaga mfuniko kwa mguu mara mbili. Ulikuwa umefunga. Akaondoka na gunia lake kuelekea shambani, na Narae akaendelea kusomba theluji.