Mifupa ya Kikopey

Magunia mawili ya mifupa yalikuwa yametoweka, na mbuzi mzima bado alining'inia kwenye ndoano.

Inspekta Chelagat alimgeukia Muiruri, mwenye bucha. "Mwizi gani huyu anaacha nyama?"

"Si ni Kipngeno, afande! Mchoma nyama wangu, ndiye ana ufunguo wa stoo. Hiyo mifupa nilikuwa nimeuzia watu wa chakula ya mbwa. Mfunge!"

"Haki ya Mungu si mimi," Kipngeno alilia, pingu mkononi. "Jumamosi naoa, madam. Nioe nikiwa seli?"

Chelagat alitaka kucheka, akaziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake. Maji ya kisima cha kwao yalimwachia meno ya kahawia tangu utotoni, na hakupenda yaonekane.

Nyuma ya stoo, ubao ulikuwa umeng'olewa. Mwenye ufunguo ang'oe ubao kwa nini? Alama za wilbaro zilielekea vichakani, na mbwa wote wa Kikopey walikuwa wamezifuata. Lo, mashahidi hao! Akawafuata, Muiruri nyuma akihema na kulaani.

Mbwa walikuwa wamejaa langoni kwa bibi kizee mmoja, Wamaitha. Uani, pipa lililozibwa kwa udongo lilifuka moshi.

"Shosho, unachoma nini?"

"Mifupa. Nimeiba. Muiruri alikuwa ananipa bure, akaanza kuuza."

"Ya nini?"

"Kuchuja maji. Kisima chetu kina floraidi, hiyo inayogeuza meno kuwa kahawia, na mkaa wa mifupa huinasa."

"Si ungechemsha tu?"

"Kuchemsha kunaua viini, mwanangu. Floraidi haiendi popote. Mkaa wa zamani umechoka, na mjukuu wangu Shiko bado anaota meno ya kudumu. Ningengoja mpaka lini?"

Shiko akamletea Chelagat kikombe cha maji, akatabasamu. Meno mapya ya mbele yalikuwa meupe pepepe. Chelagat alifurahi, akaona pia wivu kidogo.

"Shosho, Kipngeno amefungwa pingu kwa ajili yako."

"Uuui! Mfungueni, nifungeni mimi!"

Muiruri alikuwa bado anamkodolea Shiko macho, mdomo wazi, meno yake ya kahawia nje.

"Wangu ana miaka miwili," alisema polepole. "Shosho, hiyo maji inaweza tosha watoto wawili?"

"Ukileta mifupa."

"Afande, naondoa mashtaka. Kipngeno arudi kazini, na mbuzi wa harusi ni juu yangu."

"Na mifupa ya huyo mbuzi?" Chelagat aliuliza.

"Ni ya shosho, bwana!"

Chelagat akaangua kicheko mpaka mbwa wakabweka. Mkono wake ulikuwa umeshika kikombe cha Shiko, na haukuinuka kuziba chochote.