Mteja Aliyefukuzwa na Chiriku

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alipitia kwa shangazi yake, fundi cherehani, akaokota vipande vya vitambaa na kupiga pasi kola. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Shangazi na mumewe walikuwa wametamani mtoto kwa miaka mingi, lakini hawakujaliwa. Siku hizi walikwenda pamoja hospitalini kwa mshauri nasaha, na Shangazi alirudi akiimba. Chiriku aliipenda furaha ile, akaapa kuilinda.

Siku moja Shangazi alipotoka kununua nyuzi, alikuja bibi muuza mboga na kitambaa cha manjano.

"Mwambie fundi anishonee gauni la mjukuu wangu mchanga."

"Samahani, bibi. Shangazi hashoni tena nguo za watoto."

"Makubwa! Tangu lini?"

"Zinamtia majonzi," Chiriku akanong'ona.

Bibi akaguna, akaenda zake. Chiriku akajiona amefanya la maana.

Kesho yake Shangazi hakuimba.

"Chiriku, nani kakwambia sishoni nguo za watoto?"

Chiriku akaweka pasi chini. "Nilidhani zitakuumiza. Sikutaka ulie, Shangazi."

"Kilichoniumiza ni soko zima kunipa pole kama nimefiwa!" Kisha akashusha pumzi, akamvuta karibu. "Ni kweli, siku nyingine huzuni hunijia. Mshauri ametufundisha kuisema, siyo kuificha. Lakini kazi hii naipenda, mwanangu. Ungeniuliza."

Chiriku aliona aibu. Alikwenda mbio sokoni, akamwomba bibi radhi, akarudi na kitambaa.

Shangazi alikata, akaanza kushona huku akitania kwamba mtoto mwenyewe ni mdogo kuliko mfuko wa koti. Alipofika kwenye mikono ya gauni, akasimamisha cherehani. Machozi yakamlengalenga. Chiriku alikuwa na maneno mia ya kumfariji, lakini aliuma ulimi.

"Shangazi, nikae au nikuache kidogo?"

"Kaa," Shangazi akasema, akajifuta macho na kutabasamu. "Hapo sasa umenisaidia. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi ukimwona mtu na huzuni yake, usimwamulie wala usimsemee. Muulize yeye anayekilalia."