Ijumaa Isiyokuwa na Umeme

Kila alipotoka shule, kazi ya kwanza ya Chiriku ilikuwa kufunga madirisha. Alimwamkia bibi yake, akafunga dirisha la sebuleni, la chumbani na la jikoni, kisha akaziba nyufa kwa matambara yenye maji. Saa tisa ikifika tu, seremala wa nyumba ya pili aliwasha mashine ya kupulizia rangi, na harufu kali ikavuka ukuta bila hodi.

Bibi alikuwa na pumu. Dirisha likiwa wazi, alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Likifungwa, nyumba iliwaka joto kama tanuri, naye akatweta kitandani akitafuta hewa. Mama, aliyekuwa mshonaji, alimwendea seremala mara tatu kumwomba aihamishe mashine. Mara zote alijibiwa kwa upole kwamba jambo hilo litatazamwa, na mashine haikusogea hata hatua. Kuhama hawakuwa na uwezo. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo, siku hizo alikaa kimya kando ya bibi akihisi kuta zinamsogelea.

Mwishowe mama alikwenda ofisi ya mtaa. Bwana afya alimsikiliza, akamtaka alete kumbukumbu za wiki mbili, Jumatatu mpaka Ijumaa: siku, saa na hali ya mgonjwa. Kazi hiyo akapewa Chiriku, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka.

Wiki ya kwanza aliandika kwa makini. Ya pili ikaja na mitihani. Jumatano, kichwa kimejaa hesabu, alijiambia kuwa seremala hakosi hata siku moja, sasa angoje nini? Akajaza Alhamisi na Ijumaa palepale: mashine imewashwa saa tisa, bibi amekohoa sana. Akafunga daftari, roho kwatu. Jumamosi mama akalipeleka ofisini.

Jumatatu mchana bwana afya aliwakutanisha wote uani kwa seremala, akasoma daftari kwa sauti. Alipofika Ijumaa, seremala alicheka.

"Ijumaa umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi mpaka jioni," alisema. "Mimi sipulizi rangi kwa mdomo. Kama hiyo ni uongo, na hizo nyingine je?"

Chiriku alikumbuka. Ijumaa madirisha yalikuwa wazi, bibi alikaa mlangoni akimtania, na yeye kwa furaha alilisahau kabisa daftari. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu. Angeweza kusema amekosea tarehe, lakini ng'ambo ya ukuta alimsikia bibi akikohoa.

"Ni mimi," alisema. "Alhamisi na Ijumaa niliziandika kabla hazijafika. Zifute. Siku nyingine zote niliziona mwenyewe."

Bwana afya alizikata kwa kalamu. Kisha akamwambia seremala amwache msaidizi wake awashe mashine kama kawaida, akaingia na seremala chumbani kwa bibi, madirisha yamefungwa. Robo saa haikuisha. Bwana afya alitoka akijifuta macho, mkononi ameshika tambara la dirishani lililogeuka rangi ya kahawia. Nyuma yake seremala hakuwa akicheka tena.

"Nisamehe, mama," alimwambia mama yake Chiriku. "Nilidhani mnalalamikia harufu tu."

Akapewa siku saba kuihamishia mashine kwenye banda la mwisho wa kiwanja, mbali na nyumba za watu. Siku ya nane bwana afya alirudi kukagua, akapita kumjulia hali bibi.

"Haki ilikuwa yenu tangu mwanzo," alimwambia Chiriku. "Ofisi yetu ipo kwa ajili ya watu kama nyinyi. Ila sisi hatukai humu ndani kila siku, tunategemea mnachotuambia. Siku mbili za kubuni zilikaribia kuzizika siku nane za kweli."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Saa tisa ilikuwa imefika, na mkono wake, kwa mazoea, ukaenda dirishani.

"Liache," alisema bibi, akavuta pumzi ndefu.