Nishani ya Mikato Mitatu

Zama zile bunduki zilipokuwa bado adimu huko bara, jeshi la Ubelo liliizingira ngome ya Igungwa tangu mvua za kwanza hadi mtama ukaiva. Ngome ilipoanguka, mkuu wa vita aliwavika nishani palepale wale walioupanda ukuta: kisahani cha shaba kilichofuliwa kwa bangili za adui, kikining'inia kifuani kwa ugwe wa ngozi. Ambaye hakupanda hakupewa, hata angekuwa mwana wa Mtemi.

Ngasa hakupanda. Aliamriwa kulinda vyakula kambini, akavilinda vyema, na hakuna aliyemshukuru. Mdogo wake Mhoja alipanda, akafia huko. Lubango, rika lake Ngasa, alirudi kifua kikimetameta, na kila alipopita wanawake walimpigia vigelegele. Wivu ulimla Ngasa hata chakula kikamshinda.

Lubango alimjia mara nyingi. "Ndugu yangu, nina neno lako kutoka vitani."

"Kawaambie wanaokupigia vigelegele," Ngasa alijibu, akafunga mlango.

Hatimaye alimpelekea mhunzi wa nchi jirani beberu mnono, amfulie nishani yake. Ya Lubango ilikuwa na mkato mmoja ukingoni. Ngasa, akidhani ni pambo tu, alitaka mitatu.

Karamu ya mavuno ilipofika aliivaa juu ya kaniki mpya, akaketi na mashujaa. Waliomshangaa aliwaambia kwamba alipanda ukuta katikati ya moshi, akaificha nishani kwa kutopenda makuu. Wengine walimwamini.

Ndipo Mtemi akainua kibuyu cha pombe, akafichua siri ambayo wenye nishani waliapishwa kuitunza hadi siku hiyo. "Kila mkato ni mtu aliyeanguka ubavuni mwako. Mtaje, kisha unywe."

Lubango alisimama kwanza. "Mhoja, mdogo wake Ngasa. Alinikinga kwa ngao yake. Alimwita kaka yake hadi pumzi ya mwisho." Akanywa huku akilia.

Kibuyu kikamfikia Ngasa. Mtemi aliitazama mikato ile kwa heshima. "Watatu! Pole, baba. Wataje."

Ngasa aliivua nishani, akaiweka chini. "Ninaye mmoja tu, Mtemi, naye ameshatajwa."

Alihama Ubelo kabla ya mvua, wala hakuna aliyemfukuza. Wanaosimulia husema aliondoka kwa aibu. Mimi naona ni wivu uleule, sasa ukiwa mchungu zaidi: Lubango ndiye aliyeisikia sauti ya mwisho ya Mhoja, akaja nayo hadi mlangoni, na Ngasa akamfungia.