Mshono wa Puani

Jua lilikuwa linazama Trewin alipoteremka stoo kuchukua turubai. Yeye ndiye fundi matanga wa Ombeline, manowari ya Wafaransa ambayo Waingereza waliiteka mwaka uliopita. Waliipaka rangi mpya, wakapandisha bendera yao, jina wakaliacha vilevile. Nani wa kuthubutu kuibadilisha meli jina? Mkosi huo hata waliozoea damu wanauogopa.

Siku ile ya kutekwa, Trewin alishona maiti kumi na tisa za Wafaransa, kila mtu ndani ya machela yake ya kulalia, risasi mbili za mzinga miguuni. Mshono wa mwisho hupitishwa puani. Kama mtu yu hai, atapiga kelele. Lakini dhoruba ilikuwa inakuja, luteni anafoka, na yule wa kumi na tisa... kifua chake kilikuwa na joto. Trewin akajiambia ni jua tu. Pua hakuigusa. Akafunga uzi, akamsukuma baharini.

Tangu hapo usingizi ulimpaa.

"Amos," alimnong'oneza msaidizi wake pale ngazini. "Maiti hukaa na joto muda gani?"

"Aa, mzee wangu, umeanza tena? Mfaransa wako ameshaliwa na samaki zamani. Fanya upesi, mbaazi zinapoa."

Amos akapanda juu akicheka. Trewin akaingia stoo peke yake.

Krrr... tsk.

Krrr... tsk.

Uzi wa nta ukipita kwenye turubai. Sauti hiyo aliijua kuliko sauti ya mkewe. Harufu ya nta ilijaa stoo, na ndani yake harufu ya matope ya baharini.

"Nani?"

Sauti ikakoma.

"Nisamehe," Trewin akasema, machozi yanamtoka. "Nilijua u hai. Nilijua, nikakusukuma."

Mkono wa baridi ukamshika taya. Taratibu, kama fundi anavyoshika kazi yake.

Alipozinduka, ulimi haukusogea. Wala kope. Miguu ilikuwa mizito, na turubai lilikuwa limemfika kidevuni. Alihisi joto la jua la asubuhi usoni.

"Maskini mzee wangu," Amos alikuwa analia. "Moyo ulimsimama palepale stoo."

"Maliza mshono wa mwisho," luteni akasema.

Trewin akamshukuru Mungu. Sindano itachoma, damu itatoka, wataona.

Njoo, Amos. Choma.

Vidole vya Amos vikamgusa pua, vikasita.

"Bwana, mbona puani pana uzi tayari?"

"Umeshona mwenyewe ukasahau."

"Haki ya Mungu, si mimi! Uzi huu ni wa Kifaransa. Tuliumaliza mwaka jana."

"Watu wanangoja, Amos. Kama ameshashonwa, ameshashonwa. Mfunike."

Turubai likamfunika uso. Ubao aliolazwa ukainuliwa upande wa kichwani. Trewin alilia kwa nguvu zake zote, na hata unywele wake haukutikisika.

Maji yakampokea.

Ndipo ulimi wake ulipofunguka.