Inchi Nne Kushoto

Jua lilikuwa linazama wakati fundi Rula alipofunga gereji yake na kupanda pikapu ya shemeji yake, waende kutafuta springi. Alipanda huku amenuna. Tangu saa nane mchana gari lile lilikuwa limemshinda, na Rula hakuzoea kushindwa na chuma.

Jina la Rula walimpa wenzake kwa sababu hakuamini jicho la mtu. Kila kitu alikipima, na asiyepima alimhesabu kama mtu aliyepewa kichwa cha kuvalia kofia tu. Mafundi watatu waliotangulia kuishika pikapu ile aliwaita wabeba spana. Shemeji yake alimweka chini ya hao. Mwanamume wa mashati ya kung'aa na gari chafu, maneno mengi, kazi kidogo. Miaka tisa Rula alikuwa anajiuliza mdogo wake alimpendea nini yule, na bado hakuwa amepata jibu.

Tatizo lenyewe lilionekana la kitoto. Pikapu ilikuwa imelalia kona ya nyuma, kushoto. Rula alipima kutoka chini hadi ukingo wa bodi. Kulia, inchi thelathini na mbili. Kushoto, ishirini na nane. Akaiinua kwa jeki, akalala chini na tochi, akakagua springi, yale majani ya chuma yanayobeba gari kwa nyuma. Hakuna jani lililopasuka. Chasisi ilikuwa imenyooka. Akazifungua zote mbili, ya kulia akaifunga kushoto, ya kushoto kulia. Kama springi ndiyo mbovu, ubovu ungehama nayo.

Haukuhama.

Inchi nne, kushoto vilevile.

"Zimechoka zote," alisema mwishowe, akijipangusa grisi. "Nitaweka springi nene zaidi. Gari si mke wako, likiinama linanyooshwa."

Shemeji hakucheka. Siku hizo alikuwa hacheki.

Uwanja wa vyuma chakavu ulikuwa wa mama mmoja mtu mzima, wote wakimwita Mama Vyuma. Springi zilikuwa zimeegemezwa ukutani kama mbavu za mnyama mkubwa. Shemeji alikimbilia zilizopakwa rangi nyeusi inayong'aa.

"Hizi zinaonekana mpya, shemeji."

"Wewe ukiona rangi umeona gari." Rula alizigonga kwa nyundo. Zilitoa mlio mfu, wa chuma chenye ufa. Alizisogeza kwa mguu, akaenda kwenye zenye kutu, akagonga, akasikiliza, akahesabu majani, akapima mkunjo. Alichagua mbili zilizolia vizuri, za majani sita. Akazifunga kwa kamba kwenye kona ya kulia ya pikapu. Vilikuwa vyuma vya kuinuliwa na watu wawili, na vilipaswa kuivuta pikapu upande wa pili.

Alitoa tepu. Akapima.

Inchi nne, kushoto.

Mama Vyuma alikuwa anazunguka gari polepole, mikono nyuma. Alipofika kona ya kushoto alinyoosha mkono aguse ukingo wa bodi... akaurudisha haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Springi zangu ni nzima, usije ukazilaumu," alisema kwa sauti ya chini. "Ila gari lenu halijainama, fundi."

"Tepu yangu inasema limeinama, mama."

"Limekaliwa."

Rula alicheka kwa pua. Alimshukuru kwa adabu ambayo haikuwa adabu, akapanda gari. Njiani akaanza kumcheka kwa sauti, yeye na wote wanaokimbilia mashetani wakishindwa kukaza nati. Alizungumza peke yake kwa muda mrefu kabla hajagundua kuwa shemeji alikuwa ameongeza sauti ya redio.

Giza lilikuwa linaanza kuingia. Barabara ilikuwa ya vumbi, nyumba zimeachana.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kwenye kioo cha nyuma ya viti, upande wa kushoto. Taratibu.

Shemeji aliongeza redio tena.

"Nini hicho?" Rula aliuliza.

"Springi zinacheza."

"Nimezifunga mwenyewe. Na ziko kulia." Rula alinyoosha mkono akazima redio.

Kimya. Mngurumo wa injini tu. Kisha harufu ikaja, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa. Dawa ya kuchua, ile kali ya kopo dogo la bati, inayopakwa kifuani na wenye pumu. Na nyuma ya harufu... kikohozi. Kikavu. Cha mtu anayejizuia asisumbue wengine.

Rula alikijua kikohozi kile. Alikuwa amelala chumba kimoja nacho utoto wake wote.

"Usigeuke, shemeji," mwenzake alinong'ona. "Tafadhali. Ukigeuka ndiyo anagonga sana."

Rula aligeuka.

Kule nyuma hapakuwa na mtu. Springi, kamba, kona tupu. Lakini kwenye kioo, kwa nje, palikuwa na duara la ukungu, la pumzi, kwenye kimo cha mtu aliyekaa chini. Lilikuwa linafifia. Halafu likajaa upya.

Likafifia.

Likajaa.

"Simamisha gari," Rula alisema.

Shemeji alisimamisha, akashikilia usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele. Miezi minne nyuma ndiye aliyempeleka hospitali mama yao akina Rula, akiwa amebanwa na pumu. Alirudi na maiti na hadithi nzuri. Kwamba mama alikaa mbele, pembeni yake. Kwamba alimwegemea begani, akaondoka kama mtu anayesinzia. Msibani watu walimshika mkono na kumshukuru kwa hadithi ile.

"Mama alikaa wapi siku ile?" Rula aliuliza.

"Shemeji..."

"Nimekuuliza alikaa wapi."

"Nyuma." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mbele palikuwa na televisheni. Ndiyo nilikuwa nimetoka kuichukua. Nikasema barabara mbovu, itavunjika kioo... na yeye alisema hana neno. Alisema ataegemea pale kona."

"Aligonga?"

Shemeji alifumba macho. "Mara tatu. Kisha mara tatu tena. Nikajua anataka nipunguze mwendo. Nikaongeza redio, nikajua tumekaribia kufika. Kweli tulikuwa tumekaribia."

Rula alimtazama. Alikuwa na matusi ya kila aina kwa kila aina ya mtu, akiba ya miaka mingi, lakini kwa huyu hakupata lililotosha. Televisheni ile alikuwa ameiona msibani, mpya, imegeuzwa ukutani kwa heshima. Aliichukia heshima ile sasa kuliko alivyowahi kuchukia kitu.

"Teremka," alisema.

"Huku? Giza linaingia."

"Una miguu."

Aliendesha mwenyewe hadi gereji, taratibu, akikwepa kila shimo. Hakukuwa na kugonga tena. Alipofika hakuangalia nyuma. Aliacha ufunguo ndani, akaenda kwa mdogo wake, akamweleza yote mlangoni, bila kuketi.

Mdogo wake alisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Siku iliyofuata alikuja gereji jioni, mafundi wengine wakiwa wamekwisha kwenda, akiwa na begi la nguo zake na mtandio begani. Hakumwuliza kaka yake kitu. Alipanda nyuma ya pikapu na kuketi kona ya kulia.

Chuma kililia kidogo. Gari likajisogeza... likatulia.

Rula alipima kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Kulia, thelathini. Kushoto, thelathini. Mdogo wake alikuwa mwembamba, hafiki kilo hamsini. Zile springi za jana, nzito kuliko yeye, zilikuwa zimeshindwa kusogeza hata nusu inchi.

Alizungumza kule juu karibu saa nzima, kwa sauti ya chini, akinyamaza mara kwa mara kama mtu anayejibiwa. Mara moja alicheka. Rula alisimama karibu na ukuta na tepu mkononi. Hakukohoa, hakusogea.

Hatimaye mdogo wake aliteremka, akajifuta macho kwa mtandio. Nyuma yake pikapu ililala tena kushoto, polepole.

"Umeongea na nani?" Rula aliuliza, ingawa alijua.

Mdogo wake alimtazama juu hadi chini. Ilikuwa namna ileile ambayo Rula alikuwa akiwatazamia wabeba spana.

"Anauliza siku ile ulikuwa na kazi gani, kaka, hata ukamkatia simu."

Hakuna mtu aliyejua habari ya simu ile. Kabla ya kumwomba mkwewe, mama alimpigia mwanawe. Rula alikuwa chini ya gari la mteja, anapima. Gari lingine zima lilikuwa limesimama uani, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake. Alitazama jina kwenye simu, akaikata, akaendelea na kazi. Alipoikumbuka ilikuwa jioni, na hapakuwa na wa kumpigia. Siku hiyohiyo aliifuta namba kwenye orodha ya simu zilizoingia.

Rula alitia tepu mfukoni. Alibeba begi la mdogo wake, akampeleka kwa miguu hadi nyumbani kwake yeye Rula, na huko ndiko mdogo wake anakoishi mpaka leo. Shemeji alikuja mara mbili kudai gari. Mara ya pili alifika langoni, akasikia kioo kikigongwa, akaondoka bila kusema neno. Hajarudi.

Pikapu bado iko gerejini, kwenye kona ya uwanja. Mdogo wake huja jioni, hupanda, huketi. Kila akiteremka hurudia swali lile kwa kaka yake, kisha huenda zake. Rula hajapanda wala hajalijibu. Wateja humsikia akitukana kidogo kuliko zamani, nao hudhani uzee unamlainisha.

Jana, kabla ya kufunga, alipima tena.

Inchi tano, kushoto.